Kiti Kimoja Sebuleni

Watu husema kwamba kila kitu kina mahali pake, na wakiisha kusema hivyo hudhani wamemaliza shauri. Hawajalimaliza. Kiti kimoja kikipewa nafasi iliyo bora, viti vingine vyote vimekwisha kupewa nafasi iliyo duni. Kwa hiyo swali la mahali pa kitu ni swali la haki pia, ijapokuwa ni nadra kuulizwa kwa jina hilo. Mimi lilinijia sebuleni mwangu, mjini Sumbawanga, kwa sababu ya vipaza sauti viwili nilivyovinunua kwa mtu aliyekuwa akihama.

Vipaza sauti hivyo si vya namna tuliyoizoea. Spika ya kawaida ni sanduku lenye koni inayosukumwa kwa nguvu ya sumaku. Sauti ya mbele hutufikia, na ya nyuma hufungwa sandukuni. Hivi vyangu havina sanduku. Hutumia umeme tuli, yaani umeme unaokaa mahali pamoja pasipo kutiririka. Ndani yake mna utando wa plastiki, mwembamba kuliko unywele, uliotandazwa kati ya bamba mbili zenye matundu. Utando huo hutiwa umeme wa volti elfu kadhaa; muziki upitapo katika bamba, utando huvutwa huku na kusukumwa kule, ukaitikisa hewa. Peter Walker wa Uingereza alivipatia vyombo vya namna hii sifa kubwa kwa kipaza sauti chake cha Quad, kilichoanza kuuzwa mwaka 1957. Sifa yake ni uaminifu: utando ni mwepesi mno hata hauchelewi kuanza wala kukoma, na mlio hutoka kama ulivyoingia.

Lakini uaminifu huo una masharti. Kwa kuwa sanduku hakuna, sauti hutoka mbele na nyuma kwa nguvu sawa. Ile ya nyuma hugonga ukuta na kurudi. Ukuta ukiwa karibu, sauti mbili huchanganyika, nyingine zikafutana, na wimbo ukawa na matope. Basi vyombo huondolewa ukutani kadiri ya mita moja au zaidi. Tena sauti nyembamba hazitawanyiki. Huenda mbele kama mwanga wa kurunzi. Ni lazima vyombo vielekezwe kwa msikilizaji, naye akae katika pembe ya tatu ya pembetatu iliyo sawa pande zote. Akisogea kando, mwimbaji aliyekuwa katikati humhama. Akikaa ubavuni hasa, sauti ya mbele na ya nyuma huelekea kuuana, naye husikia masalio tu. Kwa ufupi, chumba kizima huwa na kiti kimoja.

Nilipima kwa kamba, nikasogeza, nikasikiliza, nikasogeza tena. Sakafu ya saruji na kuta za matofali ya kuchoma zilirudisha mwangwi, nikatandika mikeka na kutundika mapazia mazito. Mwishowe nikapata mahali pake. Mahali hapo palikuwa na kiti cha mama yangu mzazi.

Uwanda wa Ufipa umeinuka, na Sumbawanga iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,700. Mwezi wa Juni na Julai baridi yake si ya mzaha, na mtu mzima hulitafuta jua la asubuhi kama atafutavyo chakula. Kiti cha mama kilikuwa dirishani kwa sababu hiyo. Nilikihamishia ubavuni. Alikaa huko siku tatu, kisha akahamia jikoni, akasema huko kuna joto. Nilimsadiki mwezi mzima, kwa kuwa kumsadiki kulinifaa.

Sitaki kumhukumu msikilizaji upesi. Ana hoja, na hoja yake si nyepesi. Asomaye kitabu husoma peke yake, wala hatumwiti mchoyo. Fundi wa saa hufunga mlango apate utulivu, nasi hushukuru saa zetu zikienda sawa. Kutaka kusikia kitu kama kilivyo, pasipo kuongeza wala kupunguza, ni aina ya kuupenda ukweli. Na ukweli aghalabu huonekana vema toka mahali pamoja kuliko pengine. Akiambiwa aridhike na sauti mbovu kwa kuwa ndiyo iwafikiayo wote, ana haki ya kuuliza: je, wema wa watu wengi hujengwa kwa kukiharibu kilicho chema?

Hata hivyo nchi hii iliwahi kuonja namna nyingine ya kusikiliza. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni 2 walijiandikisha katika vikundi vya kusikiliza redio. Kwa majuma 12 walikutana, wakaizunguka redio moja, kisha wakazungumza juu ya waliyoyasikia: malaria, maji, choo. Sauti ya redio ile ilikuwa na mikwaruzo, na Peter Walker asingeistahimili. Walakini haikuwa na kiti bora, na waliosikiliza waliondoka wakachimba vyoo. Usikivu wao ulipimwa kwa jembe.

Je, basi nivitupe vipaza sauti vyangu? Sioni hivyo. Kikundi cha redio kilitaka habari, na habari hustahimili mikwaruzo. Wimbo hutaka kitu kingine, na mtu hakosi kwa kukitaka. Wazee wa Ufipa waliofua chuma walijua maana ya kuchagua mahali. Tanuri lao refu, liitwalo ilungu, lilivuta upepo lenyewe pasipo mivukuto, kwa matundu yaliyozunguka shina lake pande zote. Jinsi kitu kisimamavyo ni nusu ya kazi yake, na mwenye kulijua hilo hastahili lawama.

Kosa langu lilikuwa jingine. Asomaye peke yake hutoa saa zake mwenyewe. Mimi nilitoa jua la mama yangu, nikaliita gharama ya ukweli. Upweke unaolipwa na mwenyewe ni haki yake. Unaolipwa na mwingine ni deni, hata kama mdai amenyamaza. Na nyumbani mdai hunyamaza mara nyingi, kwa kuwa hunyamaza kwa upendo.

Jumapili moja nilimwomba mama aketi katika kile kiti kimoja. Nilimwekea nyimbo za kwaya zilizorekodiwa kanisani, ambazo mimi nilikwisha kuzisikiliza mara nyingi. Alitulia mpaka mwisho, kisha akauliza, “Mwanangu, yule aliyekohoa alipona?” Sikujua kama yupo aliyekohoa. Nilirudia wimbo, nikakisikia kikohozi, kidogo, nyuma ya waimbaji, upande wa kushoto. Chombo kilikuwa kimenipa kila siku kwa uaminifu, nami sikukipokea, maana nilikuwa nikisikiliza ubora wa sauti, si watu walioitoa. Hapo niliona kwamba kiti chaweza kumpa mtu sauti, lakini hakiwezi kumpa usikivu. Na kwamba asiye na zamu ya kuketi huenda na hazina yake isiyoonekana.

Sasa nimetia alama mbili za rangi sakafuni. Siku za kazi vyombo husimama ukutani, vikiimba vibaya, na kiti cha mama kiko dirishani. Jumapili alasiri, jua likiisha kuhama, huvisogeza mpaka kwenye alama, na kila aliyemo nyumbani hupata zamu yake katika kiti kimoja. Wasio na zamu hunyamaza na kungoja. Kuvisogeza mara kwa mara hakuvifai, na vumbi la kiangazi ni adui wa utando ule. Najua kwamba vitakufa mapema kuliko vingekufa vikiachwa mahali pake.

Ufumbuzi huu haumridhishi kila mtu. Mpenda sauti atasema nimepoteza siku sita kati ya saba, na ni kweli. Lakini mwenye nyumba hana budi kuchagua atakachokipoteza, na akichelewa kuchagua, kuna atakayepoteza kwa niaba yake. Kwa hiyo namwasia msomaji mwenye kitu kizuri: kabla ya kupima umbali toka ukutani, tazama kwanza ni nani aliyekuwa ameketi hapo, kisha umwulize yeye mwenyewe, wala usitosheke na jibu la kwamba jikoni kuna joto.