Hifadhi na Uhuru

Je, aliyefunguliwa lango amepewa uhuru? Historia ya jirani zetu ng'ambo ya mto Songwe, unaoitenga Ileje na Malawi, yatufunza kupambanua mambo haya mawili.

Mwaka 1887 Mlozi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliwashambulia Wangonde. Wengi waliookoka, wakiukimbia utumwa, waliingia katika boma la kampuni ya Waskoti huko Karonga. Boma liliwahifadhi, hilo hatulikani. Hata hivyo, kampuni hiyo hiyo ilikuwa ikinunua pembe kwa Mlozi, na biashara ya pembe ilielemea mabega ya watumwa. Desemba 1895 Waingereza walimshinda Mlozi, wakamnyonga, na mamia ya mateka wake wakafunguliwa. Lakini mlinzi hakurudi kwao: akawa mtawala, akatoza kodi ya nyumba.

Twasema basi: hifadhi ni tendo la mwenye lango, uhuru ni haki ya mtu tangu hajalifikia lango hilo. Amwokoaye mwenziwe humrudishia kilicho chake, wala hawi mdai wake. Nasi wa Tunduma na mipaka yote, tumpokeapo aliyekimbia dhuluma, tuukumbuke wosia wa wahenga: tenda wema, nenda zako.