Kuombea Mvua kwa Ajili ya Picha

Kwa siku tatu niliombea mvua, na sina hata shamba. Nilikuwa hifadhi ya Zion, jimbo la Utah, Marekani, na kamera ya kuazima, nikisubiri maporomoko ambayo hayako kwenye ramani.

Huko ni jangwa la makorongo na majabali mekundu. Siku nyingi za mwaka unaona tu michirizi myeusi ukutani, alama za mahali maji hupita. Halafu kati ya Julai na Septemba dhoruba moja inapiga, mwamba mtupu haumudu kunywa maji kwa kasi hiyo, na kuta nzima zinaanza kumwaga. Baada ya muda mfupi, kwisha.

Siku ya tatu ikanyesha. Nilipiga picha kama mwendawazimu. Kamera ikivuta mwanga kwa sekunde mbili, maji yale mekundu yenye mchanga na matawi hugeuka laini kama hariri. Nikamtumia mama moja kwa WhatsApp. Mama amekulia Kitui, kando ya mto wa mchanga, ambako maji yanaweza kukufikia jua likiwaka kwa sababu imenyesha mbali. Hakusema picha ni nzuri. Aliuliza, "Na hayo maji yameenda wapi? Huko chini kuna watu?"

Huwa kuna watu. Tarehe 14 Septemba 2015, watu saba waliokuwa wakishuka Keyhole Canyon, humo humo Zion, waliuawa na mafuriko ya ghafla. Agosti 1997 walikufa watalii 11 kule Antelope Canyon, Arizona. Mvua ilikuwa imenyesha mbali na pale walipokuwa. Na tusijifanye haya ni ya Wamarekani: korongo la Ol Njorowa, pale Hell's Gate, Naivasha, lilisomba watu Septemba 2019.

Utaniambia, bana, wingu halikusikii. Kweli. Muuza majeneza pia huomba biashara iende vizuri na hajaua mtu. Lakini yeye angalau anajua anachokiomba. Mimi niliomba mvua nusu, ile ya juu inayoonekana, kana kwamba maji yakishatoka kwenye fremu yamekwisha. Na si eti sikuambiwa. Onyo la mafuriko lilikuwa limebandikwa asubuhi ile, na nililisoma nikatabasamu. Kwangu ilikuwa habari njema. Hiyo tabasamu ndiyo siwezi kuitetea, hata kama siku ile hakuna aliyeumia.

Nilikuwa na picha nyingine, ya kasi, ambayo nilikuwa karibu kuifuta. Ndani yake maji ni tope tupu na kuna tawi zima liko hewani. Haipendezi. Nikamtumia mama hiyo pia.

"Eeh," akajibu. "Haya sasa nayajua."