Anayeuguza Asile Peke Yake

Wajukuu zangu mnaokuja hospitali ya Ikonda kuuguza, nanyi mliozaliwa humu humu Makete, nina neno nanyi kuhusu chakula cha jioni. Msilidharau.

Tangu Wamisionari wa Consolata walipojenga hospitali hii miaka ya 1960, watu wanaipanda milima yetu kutoka Mbeya, Songea, Iringa na hata Dar es Salaam. Mgonjwa haji peke yake, na ndugu aliyemleta naye ana tumbo. Ndipo akina mama wa hapa wakainjika sufuria. Mjini Makambako nako ni hivyo hivyo: njia ya Songea inaachana na ya Mbeya pale, na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, inapita pale pale. Msafiri akishuka na njaa yake, mama lishe yupo. Migahawa hii ya zamani imetokana na shida za watu, na ndiyo maana inajua kumpokea mwenye shida.

Siku hizi jua likizama nawaona mkinunua chipsi kwenye mfuko na kwenda kuzila chumbani, simu mkononi. Chipsi sizigombi, viazi ndivyo vilivyotulea sisi Wakinga. Ninachokataa ni ule upweke. Mtu aliyeshinda wodini akiangalia mzazi wake anavyohema, akijifungia usiku na mawazo yake, kesho yake ataamka amechoka kuliko mgonjwa. Lakini akiketi kwenye benchi la mgahawa, pembeni yake yupo mama wa Songea ambaye mumewe alipasuliwa juzi na sasa anakunywa uji. Atamwambia wapi pa kulala kwa bei nafuu, na gari gani linaondoka alfajiri. Atampa pole. Hayo hayauzwi dukani.

Mgahawa wa zamani utaujua. Vyakula vyake ni vichache na mpishi ni yule yule. Mtazame anavyosonga ugali: sufuria ameibana kwa mguu, mwiko ameushika kwa mikono miwili, mvuke unamfunika uso kwa baridi hii ya Juni. Kisha onja maharage yake. Huku juu, kwenye mita 2,000 hivi, maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo maharage yanachelewa kuiva. Ukiyaona yamelainika na mchuzi umekuwa mzito, jua kwamba yalilowekwa tangu jana na moto uliwashwa asubuhi. Ukimwambia mama huyo kwamba anachelewesha chakula, umemkosea.

Basi mkiingia, ingieni na adabu. Mpe mama shikamoo kabla hujauliza kuna nini. Jagi la maji ya moto likifika, mnawishe mzee kwanza. Akija asiye na nafasi, sogeeni akae. Lipa ulichokula; ukikopa, rudisha kabla hujapanda gari la Makambako, maana fedha hiyo ndiyo ada ya mtoto wake na ndiyo maharage ya kesho. Na ukimwona mwenzako ameagiza chai tupu siku ya pili mfululizo, elewa kwamba fedha imemwishia. Usimuulize mbele za watu. Mnong'oneze mama aongeze sahani moja, ulipe, unyamaze.

Msidhani adabu hii ni ya watu waliobaki nyuma. Wakorea, ambao viwanda vyao vimeijaza dunia simu na magari, bado wanawafundisha watoto wao wasishike kijiko kabla mkubwa hajaanza, na mabakuli ya mboga huwekwa katikati ya meza kila mtu achote. Wamepata mali na mezani hawakuachana. Nasi tunaweza.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa Ikonda tunapona pande zote mbili: mwenyeji anapata riziki, mgeni anapata watu. Nawasihi, jioni ya leo kabla hujanunua cha kubeba, ingia mgahawani, salimia, nawa, ukae ule na wenzako. Kisha umpelekee mgonjwa wako uji wa moto na uso uliotulia.