Unyayo wa Bata na Njia ya Mwongo

Tangu kale binadamu amekuwa akifanyiza mifano ya viumbe vinavyomzunguka, kwa udongo, kwa mti, kwa ngozi na kwa madini. Je, afanyapo hivyo, huwa anasema kweli au anasema uongo? Swali hili laweza kudhaniwa kuwa la wanafalsafa peke yao. Sisi twaona kwamba hata mguu wa bata waweza kutusaidia kulijibu.

Wakazi wa Mpanda wanaijua Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998. Ndani yake Mto Katuma hulisha mbuga za Ziwa Katavi na Ziwa Chada. Wakati wa mvua mbuga hizo hugeuka maji matupu, na ndege hujaa: mwari, korongo, na mabata wa aina nyingi. Kiangazi maji yakirudi nyuma, tope hubaki limechapwa nyayo. Bata ana vidole vitatu vya mbele vilivyounganishwa kwa utando, na cha nyuma kidogo kilicho huru. Mwari vidole vyake vyote vinne vimefungwa kwa utando mmoja. Na yule ndege mdogo atembeaye juu ya majani ya yungiyungi hana utando kabisa, bali ana vidole virefu ajabu vinavyotawanya uzito wake asizame.

Basi fundi anayehifadhi ndege waliokufa kwa ajili ya makumbusho hukutana na taabu kubwa miguuni. Ngozi na manyoya, vikitunzwa vema, hudumu miaka mingi. Lakini utando wa mguu hukauka, hunywea, hujikunja, na rangi yake hutoweka. Kwa hiyo mafundi wengine huuchukua mguu ungali mbichi, huutandaza kama ulivyokuwa ukikanyaga, na kuufunika kwa plasta au mpira wa silikoni mpaka ugande. Hiyo ndiyo kalibu. Mguu ukiisha kutolewa, humiminwa rezini mahali pake, ukiwa umetiwa waya utakaomsimamisha ndege. Kisha hupakwa rangi kwa brashi ndogo, fundi akitazama picha ya ndege aliye hai. Kazi ya kumimina namna hii lugha yetu huiita kusubu.

Sanaa hiyo ina ndugu yake, nayo ni sanaa ya bata wa bandia wa kuwindia. Mwaka 1924, katika pango la Lovelock, jimbo la Nevada nchini Marekani, walichimbuliwa bata wa bandia waliosukwa kwa matete yapata miaka 2,000 iliyopita. Bata wa namna hii huelezwa majini ili wale walio angani wadhani kuna wenzao salama, watue, wapatikane. Hahitaji miguu. Mwindaji anajua kwamba bata arukaye hakioni kilichomo chini ya maji, na hana sababu ya kujisumbua kwa kisichoonekana.

Hatumlaumu mwindaji mwenye kibali anayetafuta kitoweo. Tunalolitazama ni kipimo cha kazi yake. Hila hupimwa kwa jicho la anayedanganywa: likisharidhika, kazi imekwisha. Kweli hupimwa kwa kitu chenyewe, na kwa hiyo fundi wa makumbusho huhesabu magamba ya kidole ambacho huenda hakuna mtazamaji atakayekichungulia. Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Twadhani ni fupi kwa sababu hii pia, kwamba mwongo husimama pale tu macho ya watu yanapokoma.

Lakini atatokea mtu aseme: mguu wa rezini si mguu, basi nao ni uongo. Jibu tunalo hapa hapa nchini. Mwaka 1978, huko Laetoli, karibu na Ngorongoro, Mary Leakey na wenzake walifukua nyayo za watangulizi wa binadamu, waliopita juu ya majivu ya volkano yaliyolowa miaka ipatayo milioni 3.6 iliyopita. Nyayo hizo zilichukuliwa kalibu, zikafanyiziwa nakala, na katika miaka ya 1990 zenyewe zikafukiwa tena ili zisiharibike. Anayeitazama nakala huambiwa kuwa ni nakala. Hakuna aliyedanganywa, na wengi wamefundishwa. Nakala ya kweli, basi, ina masharti mawili: iwe aminifu kwa asili yake, na ikiri kuwa ni nakala.

Tuyapime maisha yetu kwa masharti hayo. Taarifa ya mazao iliyojazwa mezani ili kumridhisha mkubwa, bila mtu kufika shambani, ni bata wa kuelea: juu ina manyoya, chini haina miguu. Mwanafunzi akaririye jibu la kumpendeza mtahini ni vivyo hivyo. Na ngoma yetu ikikatwa ibaki ile sehemu tu impendezayo mgeni, vijana wataurithi utamaduni usioweza kusimama nchi kavu.

Tukumbuke, mwisho, kwamba kalibu haina uwezo wa kuzaa. Maji ya Katuma yakizuiwa huko juu kwa mashamba hata mbuga zikauke, hakuna rezini itakayowarudisha ndege; nakala zitabaki ushahidi wa tulichokipoteza. Kwa hiyo mwalimu na awapeleke wanafunzi kwenye tope lililo jirani na shule, alikopita bata wa kufugwa, wamimine plasta katika unyayo wake. Hakuna kiumbe kitakachouawa. Wahesabu vidole, waupime utando, kisha waandike walichokiona, na chini yake waandike: hii ni nakala.