Kinanda Kilichohama Ni Cha Nani?

Kitu kilichotolewa kwa ajili ya ibada kikiondolewa mahali pake, ni cha nani? Swali hili si la wanasheria peke yao. Katika nchi za Ulaya makanisa mengi yamefungwa kwa kukosa waumini, na vinanda vyake vya mabomba vimebaki kimya. Vingine huvunjwa, vingine hutengenezwa upya na kupelekwa kwenye makanisa mengine. Yafaa nasi tujiulize mapema, kabla shehena haijafika mlangoni.

Tutwae mfano wa Lusahunga, wilayani Biharamulo. Hapo barabara hugawanyika: moja huelekea Biharamulo na Bukoba, nyingine huelekea Ngara hadi Rusumo, mpakani mwa Rwanda. Malori hupita usiku na mchana yakibeba mali za watu wa mbali. Tuseme siku moja lori lishushe hapo kinanda kidogo cha mabomba, kilichoimbisha Wakristo wa Ulaya kwa miaka mia. Je, Wakristo wa hapo watakuwa wamepewa zawadi, au wametupiwa mzigo?

Wapo watakaojibu upesi kwamba kinanda ni cha Wazungu, sisi tuna ngoma. Jibu hilo halina historia. Kinanda cha mabomba kilizaliwa Afrika, katika mji wa Alexandria nchini Misri, katika karne ya tatu kabla ya Kristo. Aliyekibuni ni fundi aitwaye Ctesibius, akitumia uzito wa maji kusukuma upepo. Karne nyingi baadaye, mwaka 757, Kaisari Constantine V wa Konstantinopoli alimpelekea Mfalme Pepin wa Wafranki kinanda kama zawadi. Ulaya Magharibi nayo, basi, ilikipokea kama mgeni.

Tena, tuutazame Bethlehemu. Mwaka 1906, karibu na Kanisa la Kuzaliwa kwa Bwana, yalifukuliwa mabomba 222 ya kinanda ambayo Wakristo wa zamani waliyazika ardhini. Wataalamu wanakadiria kuwa ni ya karne ya 11. Mwezi Septemba 2025, mjini Yerusalemu, watu waliyasikia tena baadhi ya mabomba hayo yakilia. Waliokuwa wakikipiga wamekufa, mahali pake pamebadilika, lakini sauti ilikuwa ikingoja pumzi tu.

Hapo twapata jibu la kwanza. Chombo cha ibada hakifungwi na ukuta uliokihifadhi, bali na kazi kilichofanyiwa, yaani sifa ya Mungu. Kikikaa kimya penye vumbi huku kwingine watu wana kiu ya kuimba, kukihamisha si kukinyang'anya. Ni kukirudishia haki yake.

Lakini tuseme na upande wa pili. Si kila kilichochakaa huko ni zawadi huku. Nguo za mitumba zimetusitiri wengi, hatuzidharau. Ila nyumba ya Mungu si jalala la vitu vilivyomshinda mwenyewe. Atoaye kinanda kibovu ili aokoe gharama ya kukivunja hakutoa sadaka. Ameuhamisha mzigo wake begani mwa maskini.

Kinanda ni kitu dhaifu. Mivukuto hujaza upepo katika sanduku. Kidole kikibonyeza, ufito wa mbao hufungua kilango, na upepo hupanda katika bomba. Ngozi ya mivukuto hukauka ikapasuka, mbao hupindika kati ya masika na kiangazi, na mchwa hawaheshimu madhabahu. Kinanda bila fundi ni kabati la gharama kubwa. Walakini ufundi wenyewe si mgeni kabisa katika nchi ile. Warongo, wafua chuma wa Uzinza, walipuliza tanuru zao kwa mivukuto karne nyingi. Kijana seremala wa Biharamulo aweza kufundishwa. Kwa hiyo atoaye kwa haki na atume elimu pamoja na mabomba. Na apokeaye kwa hekima aombe elimu kwanza.

Yuko atakayesema: fedha hiyo inunue dawa. Neno hilo ni zito, wala tusilikwepe kwa kumtaja mwanamke wa Bethania na marhamu yake. Parokia inayowaacha wagonjwa wake ili ijivunie kinanda imekosa. Lakini anayedhani maskini anahitaji chakula na dawa tu, naye amempunguzia ubinadamu. Mwenye njaa ana roho, na roho yake ina haki ya uzuri.

Kipimo tumepewa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulikipa heshima kubwa kinanda cha mabomba, ukakubali na vyombo vingine, kwa idhini ya wenye mamlaka, mradi vifae kwa ibada, vilingane na heshima ya hekalu, na viwajenge waumini. Haukuuliza chombo kimezaliwa wapi. Basi, kinanda kisije kuifukuza ngoma, wala ngoma isikifungie mlango kinanda.

Wazazi na walezi wa kwaya, zawadi ya namna hiyo ikija, ulizeni mambo matatu: Ni kizima? Nani atakitunza? Kitatusaidia kusali? Majibu yakiwa mema, kipokeeni bila haya, kama warithi halali. Yakiwa mabaya, kataeni kwa adabu. Kukataa nako kwaweza kuwa heshima kwa nyumba ya Mungu.