Haki ya Mtoto Asiye na Baba Nyumbani

Baada ya mafundisho mama mmoja wa hapa Kapata aliniuliza: «Mwalimu, mume akiondoka, haki ya mtoto nayo huondoka?» Nalitaka kumjibu upesi kwa maneno juu ya ndoa. Lakini hakuuliza juu ya ndoa.

Wazee wanakumbuka desturi ya kampuni. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière ilitaka wafanyakazi wakae na jamaa zao, ikawapa nyumba, posho, shule na hospitali. Serikali ilipotwaa machimbo mwaka 1967, kampuni iliyoyarithi, ndiyo Gécamines, ilifuata njia ile ile. Yalikuwa mema makubwa, tusiyadharau. Ila yote yalifuata namba ya kazi ya baba. Mama alipokea posho kwa kuwa mke wa fulani, na mtoto kwa kuwa mwana wa fulani; na wanawake wengi hawakuwa na namba yao wenyewe. Kisha katika miaka ya 1990 kazi ikadhoofika, na tangu 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaagwa kwa malipo ya mara moja. Baba naye akawa hana namba.

Leo mama aliye peke yake huosha mawe ya madini au huuza sokoni, mtoto mgongoni. Tangu 2016 sheria haimtaki mke aombe ruhusa ya mumewe apate kufanya kazi, na tangu 2019 shule za msingi za serikali hazidai karo. Ni vema, lakini sheria ya kwanza ni ya mwenye mume, na ya pili haipiki bukari.

Wengine husema kumsaidia aliyezaa pasipo ndoa ni kusifu dhambi. Torati iliamuru masazo ya shamba yaachwe kwa yatima na mjane. Utaniambia mjane ni mwingine. Kwa mama, ndiyo. Kwa mtoto, njaa ni ile ile. Naye Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake ya mwaka 1981 juu ya kazi, alitaka mshahara utoshao jamaa nzima, ama posho ya watoto na msaada kwa akina mama wanaojitoa kulea. Pasipo mshahara wa baba, naona njia hii ya pili ndiyo iliyobaki.

Basi nalimjibu yule mama: haki haiondoki. Akauliza aende kuidai mlango gani. Nikanyamaza.