Lawama ya Dereva Aliyesinzia

Gari likipinduka usiku, watu husema: "Ni kudra, dereva alipitiwa na usingizi." Ni kweli kuwa hakuna liwalo ila kwa kudra, na ni kweli kuwa aliyelala halaumiwi kwa atendalo usingizini. Lakini kuziunganisha kweli hizi mbili ili kumtoa dereva hatiani ni kosa kubwa.

Usingizi hauji kama mwizi. Hutanguliza wajumbe: miayo, macho mazito, na kutokumbuka njia aliyoipita punde. Anapofikiwa na wajumbe hawa dereva yu macho, ana akili na khiyari. Lawama huanzia hapo, si pale kope zilipofumba. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walionyesha kuwa mtu aliyekesha saa 17 hupungukiwa na uwezo sawa na mwenye ulevi wa asilimia 0.05 katika damu yake. Basi sisi tunaomkimbia dereva mlevi, mbona twajikabidhi kwa aliyekesha? Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Akisinzia sekunde nne, limekwenda karibu mita 90 bila ya mwongozi.

Watu watasema: "Tutamzungumzisha asilale." Nia ni njema, lakini mazungumzo huchangamsha kwa muda tu, deni la usingizi halilipwi ila kwa usingizi. Tena si kila mazungumzo ni sawa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, uliotolewa mwaka 2008, ulionyesha kuwa abiria aionaye njia huyaelekeza maneno kwenye khatari iliyo mbele, na dereva hufaidika. Wa kwenye simu haioni kona wala lori; yeye huendelea kuuliza, na akili ya dereva humfuata.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, lawama haimwishii dereva. Yumo mwenye gari alazimishaye safari ya pili bila ya mapumziko, abiria anung'unikaye gari likisimama, na jamaa wa nyumbani apigaye simu kila saa kuuliza, "Mmefika wapi?" Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480. Dereva akiomba kulala kidogo Voi au Mtito Andei, tumwache alale. Roho za watu ni amana, na kuchelewa kufika si khiyana.